Chicha kwenye Sakafu ya Ringi

Fundi mwashi alikuwa akiitukana sakafu. Nilimsikia kabla sijamwona: sururu inapiga, inaruka, kisha yeye anasema neno ambalo sitaliandika. Nilikuwa napita kwenda sokoni hapa Msimbwa, mji ambao kwenye ramani umeandikwa Mocímboa da Praia, nikiwa na miezi mitatu tu tangu nirudi kwetu baada ya miaka ya kukaa ugenini Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, si kile kisiwa. Kiwanja alichokuwamo kilikuwa kimegeuka kichaka. Mwenyewe anataka kujenga duka, na fundi alikuwa anachimba msingi. Kwenye mchanga wa kina cha goti sururu yake ilikutana na kitu chekundu, kigumu, laini kama sahani.

"Mama," akaniuliza, maana yeye kijana na mimi nina mvi, "hawa watu wa zamani walizika nini huku?"

"Hawakuzika kitu. Hiyo ni ringi."

"Ringi ya ndondi?"

"Ya patini."

"Patini ndiyo nini?"

Nilimwambia ni viatu vya magurudumu. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa samaki ana kofia. Mimi ni fundi cherehani, na futi ya kupimia haibanduki shingoni mwangu, basi nikashuka shimoni nikapima kipande kilichofunuliwa: mita moja na robo kwa sentimita themanini. Nikakipangusa kwa kiganja. Kiganja kikateleza. Sikufika sokoni siku ile.

Nikae nawe basi, nikueleze kwa utaratibu, kwa sababu fundi alikuwa na kazi yake na sikumaliza kumweleza.

Ringi ilikuwa uwanja wa saruji usio na paa, uliozungushiwa ukuta mfupi. Pembe zake nne hazikuwa na ncha. Zilipindwa kama ukingo wa sinia, ili anayekuja kwa kasi azunguke, asijigonge. Urefu wake ulikuwa hatua sitini za bibi yangu, na upana thelathini na mbili. Natumia hatua za bibi kwa kuwa ndizo nilizozihesabu nikimfuata nyuma. Upande wa bahari lilikuwepo jukwaa, na nyuma ya jukwaa ndiyo salau, ukumbi wa dansi wenye paa la bati na madirisha marefu yaliyofunguliwa yote kwa pamoja siku za sherehe, hata muziki ukamwagika mpaka bandarini.

Waliojenga ni Wareno, kwa ajili ya watoto wao. Watoto waliteleza, baba zao walicheza mpira wa fimbo juu ya magurudumu, na jioni za Jumamosi watu wazima walicheza dansi. Hayo nimeyapata kwa mtu mmoja tu, yule tuliyemwita mzee wa ringi. Yeye ndiye aliyekuwa anaing'arisha sakafu miaka yote ile, kwa sera ya kopo, ile nta ya Wareno ya kung'arishia, na nusu ya kumbi la nazi. Unalikata kumbi, unalikanyaga upande wa nyuzi juu, hapana, upande wa nyuzi chini, kisha unakwenda mbele na kurudi nyuma kwa mguu mmoja mpaka saruji itoe sura yako. Sakafu aliijua kila ufa. Yeye mwenyewe kuteleza juu yake hakuruhusiwa. Uhuru ulipokuja na wenyewe wakaondoka, walimwachia funguo bila kumwambia amwachie nani, na ndani ya stoo ya salau wakaacha sanduku.

Sanduku lilikuwa na jozi tisa za patini na patini moja pekee, ya mguu wa kushoto.

Nilikuwa na miaka kumi na moja nilipoanza kwenda pale. Asubuhi nilimkunia bibi nazi mbili kwenye mbuzi, nikachota maji, nikapeleka kapu la muhogo kwa mama wa mkate ili abadilishane nasi. Baada ya hapo siku ilikuwa yangu. Tulifika ringi tukiwa na harufu ya moshi na samaki wa kukaanga mikononi, na kiingilio chetu kilikuwa kumbi la nazi. Mzee hakutaka kitu kingine. Kila mtoto alisugua mstari wake kutoka ukuta hadi ukuta, kisha ndipo akafungwa patini. Na zamu ilipimwa kwa maji: kopo la maziwa lenye tundu la msumari, limetundikwa ukutani. Mzee analijaza, maji yanadondoka, yakiisha umeshuka. Rafiki yangu, mtoto wa seremala, siku moja aliliziba tundu kwa kipande cha muhogo. Tukateleza, tukateleza, mzee akalitazama kopo kwa utulivu akasema, "Leo maji ya Msimbwa yameganda." Wiki nzima tulisugua bila kufungwa patini.

Sijui nikuelezeje kule kuteleza. Magurudumu ya chuma yalikuwa yanasaga chini ya miguu, meno yanatetemeka, ukuta unakujia, na wewe unajua kwamba ukiuegemeza mwili kidogo tu pembe itakuzungusha yenyewe na kukutupa upande wa pili. Upepo wa kaskazi unakusukuma mgongoni ukienda, unakupiga usoni ukirudi. Hata aliyepata ile patini moja alifurahi. Alijisukuma kwa mguu wa kulia peku, kama korongo mwenye haraka.

Magurudumu yalipoanza kupasuka, baba wa rafiki yangu ndiye aliyetuokoa. Walikuwa Wamakonde walioshuka kutoka uwanda wa juu, na yeye alichonga kila kitu kwa mpingo, kuanzia vinyago hadi miguu ya vitanda. Akatuchongea magurudumu ya mpingo. Yalikuwa mazito, yalinguruma kama pipa tupu linaloviringishwa, na yalikwenda kwa kasi kuliko ya chuma. Yalikuwa na aibu moja tu. Yaliacha michirizi myeusi.

Na ringi haikuwa yetu peke yetu. Alhamisi alasiri waliingia wanawake wa tufo, na kiongozi wao alikuwa bibi yangu. Kama hujawahi kuiona tufo ya pwani yetu: wanawake kwa safu, kapulana, kanga zetu, za aina moja, nyuso nyeupe kwa msiro wa mti uliosagwa, matari yanapigwa pembeni, na mikono, mabega na vichwa vyote vinakwenda pamoja kana kwamba ni mtu mmoja mwenye viwiliwili ishirini. Nyimbo nyingi huchezwa kwa kupiga magoti. Goti linakaa mahali pake, na mwili wa juu ndio unaosema.

Alhamisi moja bibi aliinuka kutoka magotini akaona kapulana yake imechorwa mistari myeusi, na ya jirani yake, na ya wote. Sekretario wa bairo, yaani katibu wa mtaa, aliyekuwa na madaraka juu ya majengo yote ya zamani, alikuwa amekaa jukwaani. Bibi akamwendea akiwa ameinyanyua kapulana kidogo.

"Bwana sekretario, tazama goti langu. Nimekuwa muuza makaa?"

"Ni hao watoto na miti yao."

"Sijauliza ni nani. Nimeuliza Mucojo watasema nini."

Hapo ndipo uzito ulipokuwa. Jumamosi ya wiki iliyofuata kikundi cha wanawake kutoka Mucojo kilikuwa kinakuja kujibizana nao. Mwaka uliotangulia bibi na wenzake walikwenda kwao, na waliporudi bibi hakula chakula cha mchana siku mbili. Hatukuambiwa kilichotokea, lakini kuku tu ndio ambao hawakujua kwamba tulishindwa.

Sekretario akasimama, akatoa hukumu mbele yetu sote. Wageni waikute sakafu inang'aa, haina mstari hata mmoja. Ikiwa hivyo, patini zitabaki. Isipokuwa hivyo, sanduku analichukua yeye na kulipeleka Pemba, ambako kuna watoto wanaojua kutunza vitu.

"Watoto wa Pemba wana viti tu," rafiki yangu akaninong'oneza. Hata leo sijui alimaanisha nini, lakini nilicheka, na bibi akaniona nikicheka.

Usiku ule nyumbani hakunisemesha. Alinipa wali wangu, samaki wangu, akakaa upande wa pili wa jamvi kama mgeni. Nikaelewa kwamba ringi haikuwa patini zetu tu. Ilikuwa ni uso wa bibi pia, heshima yake.

Tulianza kusugua siku iliyofuata. Michirizi ilitoka kwa majivu na limau, na hilo lilituchukua siku nne. Lakini saruji ikabaki imepauka kama mguu usiopakwa mafuta, na sera ilikuwa imekwisha. Miaka ile ukienda dukani ulikuta rafu na mwenye duka. Mzee wa ringi mwenyewe hakuwepo. Alikuwa amekwenda kisiwa cha Vamizi kumwona ndugu yake aliyeugua, na funguo alituachia sisi. Naandika hili kwa sababu ni haki yake: asingekubali.

Wazo lilikuwa la rafiki yangu, na hesabu ilikuwa yangu. Alisema baba yake akimaliza kinyago anakisugua kwa chicha, yale makapi ya nazi yanayobaki baada ya kukamua tui, na mpingo unang'aa mpaka unajiona pua. Nikasema basi kama chicha inang'arisha mpingo ambao ni mgumu, itashindwaje na saruji? Na kila nyumba ya mji huu ilikamua nazi kila siku. Ijumaa baada ya swala tulipita nyumba ishirini na mbili na ndoo, tukiomba chicha kabla kuku hawajapewa. Nyumba ya ishirini na mbili ilikuwa yetu.

Tulisugua watoto kumi na wanne, safu kwa safu, makumbi chini ya miguu, tukiimba. Msomaji wangu, ile sakafu iling'aa. Jua la alasiri lilipolala juu yake iliwaka kama shaba. Rafiki yangu aliinama akasema anayaona meno yake. Tukafagia chicha yote, tukafunga lango, tukaenda kulala tukiwa tumeshaziokoa patini.

Jumamosi asubuhi mzee wa ringi alirudi. Alifungua lango, akasimama. Akainama, akagusa sakafu kwa kidole, akakinusa kidole.

"Nani kawaambia chicha?"

Rafiki yangu akaisukuma ndoo nyuma yake kwa mguu.

"Chicha ni ya kuku," akasema taratibu, "na mpingo una matundu ya kuyanywa mafuta. Hii saruji imekunywa sera miaka mingi, imeshiba. Mafuta yenu yako juu yake, yamekaa tu, yanawangoja watu."

Hakukuwa na wakati. Lori la Mucojo lilikuwa limeshapiga honi sokoni. Walishuka wanawake ishirini, kapulana za njano na nyeusi, msiro umekauka vizuri usoni, na kiongozi wao alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti iliyotangulia mwili. Mji mzima ulikaa juu ya ukuta. Mama yule akaitazama sakafu, akasema kwa Kimwani, lugha ya pwani yetu, kitu cha kuisifu, akaweka mguu.

Mguu haukusimama. Ulikwenda. Alikwenda nao hatua tatu, mikono hewani, akakaa chini kwa heshima kubwa, na aliyekuwa nyuma yake akaja kumwinua, akakaa pembeni yake.

Juu ya ukuta watu walicheka kwanza, kisha wakanyamaza, kwa sababu hawa walikuwa wageni. Sekretario alikuwa ameshatoa amri: leteni mchanga. Ndoo nane za mchanga wa pwani zilifika, zikapangwa langoni. Mzee wa ringi alishika ndoo ya kwanza na hakuimwaga. Mimi nilijua kwa nini. Mchanga ule chini ya miguu themanini ni msasa. Dansi ingeokolewa, na jioni sakafu ingekuwa imekwaruzwa, na hakuna gurudumu ambalo lingepita tena juu yake. Sekretario asingehitaji hata kulichukua sanduku.

Nikamkimbilia bibi. Alikuwa langoni na safu yake, kapulana za bluu, uso mweupe, na chini ya weupe ule nilimwona amekasirika.

"Bibi, ni mimi. Ni chicha."

"Chicha ya nyumba ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Na yangu?"

"Na yako."

Akavuta pumzi. "Ndiyo maana kuku wangu jana wamelala na njaa."

Kisha akaniuliza swali ambalo mtu mzima hajawahi kuniuliza. "Nyie mnapotaka kusimama kwenye hayo mapatini yenu, mnafanyaje?"

"Hatusimami, bibi. Tunausukuma ukuta, tunarudi."

Akavua viatu, akapiga magoti pale pale langoni, akaikunja kapulana mikunjo miwili chini ya kila goti, na wenzake wakafanya kama yeye bila kuuliza. Halafu akamwita yule mama aliyekuwa bado amekaa sakafuni.

"Mwenzangu wa Mucojo! Huku kwetu leo tunacheza hivi. Mtaweza?"

"Tutaweza hata tumelala," mama yule akajibu, na hakuwa mbali na kulala.

Matari yakaanza. Safu ya bibi iliingia kwa magoti, bega kwa bega, viwiko vimeshikana. Mwanamke wa kwanza upande wa bandari akauwekea ukuta kiganja, akausukuma. Na safu nzima, wanawake ishirini, ikateleza. Ilikwenda upande mmoja kama droo inayofunguliwa, mikono inasema, vichwa vinasema, na magoti hayakupiga hata hatua moja. Walipofika upande wa pili, wa mwisho akanyoosha kiganja, akasukuma, wakarudi. Mpiga tari mkubwa akaelewa. Akaacha pigo moja tupu kila safu ilipokuwa safarini, na akalipiga kiganja kilipogusa ukuta. Watu juu ya ukuta walisimama. Wamama wa Mucojo wakakunja kapulana zao, wakashikana viwiko, wakaingia upande wa jukwaa. Sasa safu mbili, ya bluu na ya njano, zikawa zinapishana kwenye sakafu ile ya shaba, moja inakwenda, moja inarudi, na kila zilipopishana viongozi walitupiana maneno. Bibi aliimba kwamba samaki wa Mucojo wamejifunza kuogelea nchi kavu. Mama yule akaimba kwamba Msimbwa wanawapikia wageni sakafu kwa kukosa mchuzi. Nilikuwa nimeng'ang'ania mkono wa rafiki yangu, na tulikuwa tunapiga kelele sote wawili kwa lugha mbili tofauti.

Hakuna aliyeshinda siku ile; kila upande ulikwenda nyumbani ukisema umeshinda. Mchanga ulirudishwa pwani. Bibi, akijifuta jasho na msiro kwa pamoja, alisimama mbele ya sekretario.

"Sakafu uliionaje, bwana?"

"Ilikuwa laini," sekretario akakubali.

"Ilikuwa na mstari?"

"Haikuwa na mstari."

Patini zikabaki. Jumapili sisimizi wa mji mzima walihamia ringi, na watoto kumi na wanne tuliosha sakafu kwa majivu siku tatu, mzee akitusimamia. Siku ya tatu bibi alikuja kutazama. Akakaa kwenye ukuta, akanyoosha mguu wa kushoto, akamwambia mzee amfunge ile moja. Alikwenda raundi moja kamili, mkono wake begani mwangu. Aliporudi alisema tu, "Sasa najua mnachokitafuta."

Mengine ni ya kawaida kwa pwani hii. Vita vya wakati ule vilizidi, familia ya seremala ilihama, na magurudumu ya mpingo yalipokwisha hapakuwa na wa kuchonga mengine. Mabati ya salau yaliondoka moja moja. Ringi ilianikiwa samaki, kisha ikawekwa magunia ya msaada, kisha soko, kisha mchanga. Mzee wa ringi alizikwa huku funguo bado ziko nyumbani kwake. Bibi naye alikwenda. Halafu vikaja vita vingine, sisi wenyewe tukakimbia, na tuliporudi hata ukuta mfupi ulikuwa umebebwa, tofali kwa tofali. Nilipopita tena kwenye kiwanja, siku ya tatu baada ya kuipima sakafu, fundi alikuwa ameshaivunja ile mita moja na robo, na zege la msingi limemwagwa. Simlaumu. Alinibakizia kipande cha ukubwa wa kiganja; nakitumia kukandamizia kitambaa ninapokata.

Mwezi uliopita jirani yangu aliozesha binti yake, na wakaja wachezaji vijana, wajukuu wa watu wa Mucojo, ambao sasa wanaishi hapa. Walitandika jamvi refu la plastiki uani. Wakakunja kapulana mikunjo miwili chini ya kila goti, wakashikana viwiko, na safu ikateleza kwenda kulia, tari likinyamaza. Nilimwuliza mmoja wao baadaye nani aliwafundisha hivyo. "Ndivyo inavyochezwa, mama," akaniambia, "tangu zamani."

Sikumsahihisha. Nilikuwa bado naona pale safu ilipofika mwisho wa jamvi, uani peupe, hapana kitu mbele yake: binti wa mwisho alinyoosha kiganja hewani, akausukuma ukuta, na wote wakarudi.